Ugomvi Uliongoja Jua Litue

Siku Bi Samsam alipoteremka garini mjini Kisii, mvua ilikuwa ikinyesha kama iliyotumwa. Alisimama barazani pa duka la mwanawe, shali limemganda mwilini, akauliza kama hapo ndipo mwisho wa safari au wamesimama tu kungoja mvua ipite.

"Ndipo nyumbani, hooyo," akajibu Warsame, na kwa kuwa alikuwa hajamwita mtu hooyo, yaani mama, kwa miaka mingi, alilitamka neno hilo kama anayelijaribu upya. "Na mvua hii haipiti. Inapumzika tu."

Ulikuwa mwezi wa Aprili, mwaka wa sabini na moja. Samsam na mumewe, Mzee Gulled, walikuwa wametoka Kismayu kuja kumwona kijana wao wa mwisho, aliyeondoka nyumbani akiwa kapera akifuata biashara ya ng'ombe, akavuka mpaka, akapotelea katika nchi ya milima. Huko alikuwa dereva wa lori, kisha akawa na lori lake, kisha akafungua duka, na katikati ya hayo yote akaoa msichana wa Kigusii kutoka Ekerenyo aitwaye Gesare, ambaye aliposilimu aliitwa Mariam. Wazee walizipata habari hizo vipande vipande, kwa midomo ya wasafiri, kila msafiri akitia chumvi yake. Mmoja aliwaambia mkwe wao ana urefu wa mlango. Mwingine alisema mama wa huyo mkwe ni jitu la mwanamke, akikohoa ndizi zinaanguka. La hakika lilikuwa moja tu: kulikuwa na mjukuu wa kike, naye alipewa jina la Hodan, jina la marehemu mama yake Samsam.

Mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, gauni la manjano, kipande cha muwa mdomoni. Alikuwa na umri wa miaka mitano.

"Hodan," Samsam akaita, akachuchumaa na kunyoosha mikono. "Njoo kwa ayeyo wako. Njoo kwa bibi."

Mtoto akageuka nyuma kutazama huyo Hodan ni nani.

"Kwamboka," Mariam akaita kutoka ndani, "njoo usalimie wageni." Na mtoto akaja mbio.

Samsam akainuka, akamsalimia mtoto kwa upole. Lakini Mzee Gulled, aliyekula naye chumvi miaka na miaka, aliona jinsi alivyolifunga shali lake upya, akajua kuna kesi imefunguliwa.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuzoeana. Samsam alizungumza Kiswahili cha Kismayu alichojifunza utotoni kwa majirani zake Wabajuni, na watu wa Kisii walimsikiliza kwa heshima kama wanaosikiliza redio. Mzee Gulled, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya ngamia na upepo, alivaa koti zito la mwanawe na hakulivua mchana wala usiku. Hakuilaumu baridi. Alilaumu kijani kibichi.

"Nchi hii haina mbali," alimwambia mwanawe. "Nikitazama huku, kilima. Nikitazama kule, kilima kingine, na ndizi juu yake. Jicho langu likitoka nje linagonga ukuta linarudi."

Basi kila asubuhi alishika fimbo yake akaenda kutafuta mahali pa kuonea mbali, na kila mchana akarudi amelowa, amepewa ndizi na watu asiowajua.

Samsam yeye alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anasikiliza. Akina mama wa ndizi waliopita dukani walimwita mtoto Kwamboka. Fundi wa baiskeli wa jirani alimwita Kwamboka. Hata mwadhini wa msikiti, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama mlangoni akauliza, "Kwamboka, baba yuko?"

"Mariam, mwanangu," Samsam akasema siku moja wakichambua mchele, "hili jina la Kwamboka limetoka wapi?"

"Kwa mama yangu," Mariam akajibu. "Ndiye aliyempa."

"Na Hodan?"

"Hodan ni jina lake la msikitini, mama. La dua. Kwamboka ni la kuitiwa chakula."

"Mtoto hula mara nyingi kuliko anavyoombewa dua."

Mariam akatabasamu, akatupa kijiwe nje ya ungo. "Mimi pia ninayo mawili, mama. Kwetu naitwa Gesare, hapa naitwa Mariam. Sijapotea bado."

Shida ilikuwa kwamba Samsam hakuweza kumkasirikia mkwewe. Alikuwa amekuja tayari kumkasirikia, alijiandaa njia nzima, lakini msichana alikuwa na adabu, na anjera zake, ile mikate myembamba ya Kisomali, zilitoka laini zenye matundu kama za Kismayu, na usiku aliwafunika wakwe zake blanketi akidhani wamelala. Hasira ikakosa pa kukaa. Ikabidi ihame, na ilipohama ilikwenda moja kwa moja Ekerenyo, kwa mama wa Mariam, mwanamke aliyeitwa Bathsheba, ambaye Samsam hakuwahi kumwona lakini alikwisha kumjua kabisa: mrefu, mwenye sauti, mwenye kubadilisha majina ya mama za watu.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Samsam alikuja na nia. Alitaka kumchukua mjukuu wake akae naye Kismayu mwaka mmoja au zaidi, ajue lugha ya baba yake, anywe maziwa ya ngamia, aitwe jina lake na watu wanaolijua. Alimwambia mwanawe mezani. Warsame alipaliwa na chai. Alipopata pumzi akasema atamuuliza Mariam. Mariam alipoulizwa akasema hawezi kumkatalia mama mkwe, ila mtoto huyu alipokewa duniani na mikono ya mama yake, na bila neno la mama yake hatoki mtu.

Kila njia, basi, ilikuwa inaelekea Ekerenyo. Samsam akamwomba mwanawe ampeleke.

"Wiki ijayo, hooyo," akasema Warsame.

Wiki ijayo ilipofika akasema wiki ijayo. Mtu aliyewahi kuvuka jangwa na ng'ombe wa watu bila kuogopa simba aliogopa kuwakutanisha wanawake wawili.

Jumamosi moja, duka limejaa watu, Mariam anapima sukari na Warsame anabishana na mteja, Samsam alimshika mjukuu wake mkono akatokea mlango wa nyuma. Nje alikuwepo Angwenyi, dereva wa Warsame, akifunga turubai juu ya mzigo wa chumvi na sabuni wa kupelekwa Nyaramba.

"Utapita Ekerenyo?" Samsam akamuuliza.

"Nitapita, mama. Lakini bosi amesema…"

"Mimi ndiye niliyemzaa huyo bosi," akasema Samsam, naye amekwisha kupanda.

Angwenyi aliwashusha sokoni Ekerenyo, akawatazama wakiingia kijia cha kati ya michai, bibi mbele kwa hatua za hasira na mtoto nyuma akirukaruka. Haikupita muda ikawa mtoto mbele na bibi nyuma. Udongo wa njia ulikuwa mwekundu, mlaini, wenye tamaa. Ulichukua kiatu kimoja cha Samsam, ukakirudisha, ukachukua kingine.

"Vua viatu, ayeyo," mtoto akamshauri. "Hapa viatu ni vya kubeba."

Walifika bomani Samsam ameshika viatu mkononi, matope mpaka kwenye vifundo, maneno yake makali yakiwa yamepangwa vizuri kifuani kama sahani kabatini. Mlango ulikuwa umefungwa. Kuku walikuwa uani. Hapakuwa na mtu.

"Wako wapi?" akauliza.

"Kanisani. Leo ni Sabato."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, ayeyo."

Kanisa halikuwa mbali, jengo la udongo lenye paa la mabati na madirisha yasiyo na vioo. Samsam hakuingia. Alikaa nje juu ya jiwe, akakunguta matope, akasikiliza watu wakiimba kwa lugha asiyoijua. Mtoto akamponyoka. Alipogeuka kumtafuta alimwona kupitia dirishani, gauni la manjano likipita katikati ya watu mpaka benchi la mbele, likasimama mbele ya mwanamke mmoja. Nyimbo zilikuwa zimekwisha na mhubiri alikuwa anafungua kitabu. Katika ukimya huo mtoto akasema jambo kwa Kigusii, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema.

Kanisa zima likageuka kutazama dirishani.

Samsam alikuja kuelezwa baadaye neno lililosemwa. Lilikuwa hili, na magokoro kwa Kigusii ni bibi: "Magokoro, ayeyo amekuja kugombana na wewe. Yuko nje."

Mwanamke wa benchi la mbele aliinuka, akamwinamia mhubiri kumwomba radhi, akatoka. Hakuwa jitu. Alikuwa mfupi, mfupi kuliko hasira iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili yake, amevaa kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani. Alisema maneno mawili matatu ya Kigusii akinyoosha mikono yote miwili.

"Anasema bwakire," mtoto akatafsiri. "Hiyo ni salamu."

"Mwambie sikuja kwa salamu," akasema Samsam, akisimama. "Mwambie nimekuja kumuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kulifuta jina la mama yangu."

Mtoto alifikiri. Kisha akasema jambo fupi sana kwa Kigusii. Bathsheba akatabasamu, akajibu.

"Anasema tutapewa ndizi mbivu."

"Sikuuliza ndizi."

"Na anasema leo nilale hapa," mtoto akaongeza, "na wewe pia."

Nyuma ya Bathsheba, akina mama waliotoka kuchungulia, na ambao walijua Kiswahili, walijifunika midomo kwa vitambaa. Ndipo akatoka mzee mmoja mwembamba mwenye koti lililopauka mabegani. Alikuwa Makori, mumewe Bathsheba, aliyefanya kazi Kericho katika mashamba ya chai na kurudi na Kiswahili chake. Mkewe alizungumza naye polepole, naye akatafsiri kwa uso wa mtu aliyepewa kazi nzito.

"Mke wangu anasema amesikia umekuja kugombana. Anasema ni haki yako. Wewe ni korera wake, watoto wenu wameoana, na korera akija na neno hafukuzwi. Lakini leo ni Sabato, na yeye hagombani siku ya Sabato. Jua likitua atakaa na wewe chini, mtagombana mpaka utosheke. Kwa sasa wewe ni mgeni, na mgeni anakula."

Samsam katika maisha yake alikuwa amegombana na wachuuzi wa samaki, na wenye majahazi, na dada za mumewe wote. Hakuwahi kuambiwa ugomvi una saa yake. Mtoto naye alikuwa amekwisha kumshika Bathsheba mkono wa kulia na Samsam mkono wa kushoto, na anavuta.

Chakula kilikuwa kimepikwa tangu Ijumaa, kwa maana siku ya Sabato Bathsheba hakupika. Kulikuwa na obokima, ugali wa wimbi wenye rangi ya udongo uleule uliokula viatu vya Samsam, na mboga ya mgagani iliyolala katika maziwa, na kibuyu cha maziwa yaliyoganda. Samsam aliutazama ule ugali. Akamvuta Makori pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama katika jiko hili hakuna kitu cha nguruwe.

"Nguruwe?" Makori akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuumia. "Sisi Wasabato, mama. Nguruwe hajapita hata njia ile ya chini."

Akala. Ule uchungu wa mboga ulimshika kwanza, kisha ukamwachia. Maziwa yalikuwa makali, mazito, yenye harufu ya moshi kwa mbali. Kikombe kilipokwisha hakukiweka chini. Bathsheba, bila kumtazama, akamjazia.

Saa tisa mvua ikaja. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika yote kwa pamoja juu ya paa, na nje hapakuonekana kitu ila weupe. Hapo Samsam alijua kwamba hata kama angetaka kususa na kuondoka, hakuna pa kuondokea. Bathsheba alimtazama miguu, akaingia ndani, akatoka na sweta la Makori na kipande cha blanketi, akaviweka magotini kwa mgeni kama mtu anayeweka mzigo wake mwenyewe. Ulipofika wakati wa swala ya alasiri, Samsam akaonyesha kwa mkono kwamba anataka mahali. Mkeka mpya ukateremshwa kutoka darini. Aliposujudu alisikia nyuma yake kishindo cha miguu na "sh, sh," na alipomaliza na kugeuka alimkuta Bathsheba amesimama na fimbo, akiwazuia kuku waliokimbilia ndani wasipite mbele ya mtu anayeswali.

Wakakaa. Mtoto aliendelea kutafsiri kwa faida yake mwenyewe. Samsam aliuliza michai ile ni ya nani, akajibiwa kwamba Magokoro anasema mtoto asinyolewe nywele tena. Bathsheba aliuliza habari za Kismayu, na Samsam akasikia kwamba anaulizwa kama amebeba peremende. Mara mbili Samsam alicheka kabla hajajizuia.

Jioni, mawingu yalikuwa bado yamefunika kila kitu, na hapo likazuka swali la jua. Makori alisema limetua, kwa sababu kuku wametulia. Samsam akasema bado.

"Kuku wamelala kwa baridi," akasema. Alikwenda mlangoni, akatazama upande wa magharibi, ambako hakukuwa na cha kutazama ila kilima na wingu. Lakini mtu aliyengoja magharibi siku zote za maisha yake, Ramadhani kwa Ramadhani, hahitaji kuliona jua. Akasimama. Watu wote wakamngoja. "Sasa," akasema.

Basi yeye akaswali magharibi pembe moja ya nyumba, na pembe nyingine Bathsheba, Makori na mtoto wakaimba wimbo mmoja na kuomba, kuifunga Sabato. Walimaliza karibu wakati mmoja. Bathsheba akawasha taa ya mafuta, akaleta vigoda viwili, akaviweka vikitazamana. Akakaa kwenye kimoja, akajifunga kanga kiunoni.

"Haya, korera," akasema kwa Kiswahili. "Jua imetua. Gombana."

Samsam alimkodolea macho. "Kumbe unajua Kiswahili?"

"Najua ya soko. Miaka mingi mimi naleta ndizi Kisii. Kiswahili ya kugombana ndiyo sijui mzuri, lakini nitajaribu."

"Na mchana kutwa unamwacha mtoto huyu atudanganye?"

"Alikuwa nafurahi," Bathsheba akasema. "Na mimi pia."

Samsam aliyatafuta maneno yake mahali alipoyaweka. Mengine yalikuwa yamelowa, mengine hayakuonekana. Aliyopata ndiyo aliyoyasema. Alisema Hodan alikuwa mama yake, mjane aliyelea watoto saba peke yake, mwanamke ambaye wafanyabiashara wa mifugo walipomwona anakuja walianza kupunguza bei kabla hajafungua mdomo. Alisema tangu afe hakuna mtoto katika ukoo aliyebeba jina lake, wote walizaliwa wavulana, mpaka huyu. Amesafiri nchi mbili ili aliite jina hilo mara moja na mtu aitike. Naye ameliita, na mtoto amegeuka nyuma.

Bathsheba hakumkatiza. Aliposikia amemaliza, akauliza, "Imeisha?"

"Imekwisha."

"Sasa mimi." Akavuta kigoda karibu. "Kijana yako alikuambia huyu mtoto alizaliwa wapi?"

"Hospitali. Kitanda chenye shuka nyeupe."

Bathsheba akamtazama mumewe. Makori akaona jambo la kutazama kwenye paa.

"Ilikuwa mwezi kama hii," Bathsheba akasema. "Gesare alikuja kunisalimia, tumbo iko hivi. Mvua ikanyesha, daraja ikaenda na maji. Na mtoto akasema, mimi nakuja. Kijana yako akaleta lori, lakini lori iko upande ile na sisi upande hii. Akavuka kwa miguu, maji mpaka hapa." Akaonyesha kifua. "Tukaweka Gesare kwa kitanda, wanaume wakabeba kwa vichwa, mimi nashika nyuma, yeye nashika mbele. Katikati ya maji, mtoto akatoka. Hakungoja hata ng'ambo. Mimi nilipokea yeye na hii shuka ya kichwa. Sasa kwetu, mtoto ya kuvuka mto anaitwa Kwamboka. Si mimi nilimpa, korera. Ni maji."

Samsam akamtazama mtoto.

"Na tulipofika ng'ambo," Bathsheba akaendelea, "kijana yako miguu ikakataa. Akakaa kwa matope. Analia, anaita hooyo, hooyo. Mimi nilidhani ni jina ya Mungu yenu. Baadaye nikauliza watu ya mjini, wakaniambia, hapana mama, huyo alikuwa anaita mama yake." Akaupunguza utambi wa taa uliokuwa unatoa moshi. "Kutoka siku hiyo, kila Sabato, mimi naombea wewe. Sikujua jina yako. Nasema, Mungu, angalia Hooyo, mahali yuko."

Mvua ilikuwa imepungua, ikibaki michirizi tu chini ya paa. Samsam alivuta ncha ya shali lake akajifuta uso, kwanza jicho moja, kisha la pili. Alimfikiria mwanawe, mtu mzima mwenye lori, amekaa topeni anamwita, naye yuko Kismayu anasonga ugali wa mchana hana habari. Akataka kulia zaidi, lakini ikamjia sura ya Warsame akieleza habari za shuka nyeupe kwa makini namna ile, akaanza kucheka, na Bathsheba aliyekuwa akingoja ruhusa akacheka pia, wakacheka mpaka Makori akasogeza taa isije ikapigwa teke.

"Ugomvi umekwisha?" mtoto akauliza.

"Bado," akasema Bathsheba, akamgeukia. "Wewe, sikia. Kutoka leo, mtu akiita Hodan, unaitika."

"Nikiitika nitapata nini?"

"Usipoitika ndiyo utapata."

Mtoto akalipima jambo hilo. "Hodan," Samsam akaita, kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia.

"Ee, ayeyo," mtoto akasema.

Lori liliachwa sokoni, na waliokuja nalo wakawakuta hivyo. Warsame aliingia kwanza, amelowa, nyuma yake Mariam, nyuma yao Mzee Gulled ndani ya koti. Angwenyi alikuwa amerudi Kisii na habari, na njia nzima Warsame alikuwa akiendesha huku akipanga jinsi atakavyowatenganisha mama zake. Akawakuta bega kwa bega, kikombe kimoja cha maziwa kati yao. Wakamtazama wote wawili kwa pamoja, wakaangua kicheko upya, na hakuna aliyemwambia sababu.

"Keti, mwanangu," Samsam akasema. "Kigoda kile. Si matopeni."

Warsame akamtazama Mariam. Mariam akamtazama mama yake, akaelewa, akaingia jikoni haraka.

Walilala Ekerenyo, na Jumapili Makori akatoa beberu, na Gulled akamchinja kwa kisu chake mwenyewe ili wote wale bila wasiwasi. Kabla ya hapo wazee wawili walipanda kilima cha nyuma ya boma, na mawingu yalikuwa yamefunguka. Gulled aliona matuta ya milima yakishuka moja baada ya jingine mpaka mahali ambapo kijani kilikuwa buluu. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akavua koti.

Lile neno la kumchukua mtoto Samsam alilitoa wakati wa nyama, kwa Kiswahili chepesi, moja kwa moja kwa Bathsheba. Watu wakaacha kutafuna. Mariam aliinamisha kichwa.

"Mtoto kwenda kwa nyanya yake ni mzuri," Bathsheba akasema baada ya kufikiri. "Lakini si mwaka. Mtoto mdogo hawezi kukaa mwaka bila mama yake. Miezi mitatu. Na hawezi kwenda bila mtu ya kumrudisha."

"Nani atamrudisha?"

"Mimi."

Makori akaweka chini mfupa wake. "Wewe uende Somalia?"

"Yeye mzee kama mimi alikuja mpaka hapa, akatembea kwa matope bila viatu kunitafuta. Mimi nitashindwa kumfuata na gari?"

"Na nani atanipikia?"

"Ndizi iko," akasema Bathsheba. "Moto iko. Mikono iko."

Watu waliosimulia habari hii baadaye hawakukubaliana kuhusu mambo mengi, lakini kuhusu siku ya kuondoka walikubaliana. Bathsheba alikuja Kisii na mkungu wa ndizi, debe la unga wa wimbi na sufuria yake mwenyewe, kwa kuwa hakujua huko waendako watu husongea nini. Samsam alimwambia sufuria zipo Kismayu. Bathsheba akasema sufuria zipo kila mahali, lakini hii inamjua. Wakabishana barazani mbele ya wateja, kila mmoja akishika upande mmoja, mpaka Warsame akaichukua sufuria akaifunga juu ya mzigo na kuwaomba wote wapande.

Mariam alimkumbatia mwanawe, akamkumbatia mama yake. Alipofika kwa mama mkwe akainama kumbusu mkono, lakini Samsam akamwinua.

"Nitamrudisha," akamwambia. "Nitawarudisha wote wawili. Huyu mama yako nikikaa naye zaidi ya miezi mitatu tutauana."

"Nimesikia," Bathsheba akasema kutoka ndani ya gari.

Walikaa Kismayu miezi mitano. Makori alijifunza kusonga obokima, ukatoka na madonge, akaula hivyohivyo. Waliporudi, mtoto aliitika kwa majina yote mawili, na Bathsheba alikuwa mweusi kwa jua, amevaa shali la rangi ya chungwa, na wanawake wa kanisa walipomzunguka kumuuliza ameona nini huko, aliwaambia wakae chini kwanza, maana hadithi ni ndefu na ngamia ni warefu zaidi.